Siku saba na maskauti kumi: Mombasa, Rowallan, Ngong na Nyeri

Tumerudi wiki mbili zilizopita, na tangu hapo simu yangu haijatulia. Walimu wenzangu wanaolea vikosi vya skauti huku Pwani wananiuliza mambo yale yale: mlilala wapi, mlilipa ngapi, watoto waliiweza ile baridi? Nimekaa na daftari langu, ambalo kurasa zake za katikati zimejikunja kwa ukungu wa Ngong, nikapitia na picha tulizopiga, nikaona bora niandike mara moja wote wasome.

Tulikuwa watu 12. Watoto 10 wa ngazi za Chipukizi na Mwamba, wasichana sita na wavulana wanne, pamoja na mimi na mwalimu mwenzangu wa hesabu aliyeshika mfuko wa pesa. Watoto tuliwagawa patroli mbili, Pomboo na Kipanga. Tisa kati yao walikuwa hawajawahi kufika mbele ya Voi.

Jumatatu, 11 Agosti: Miritini hadi Jamhuri

Treni ya kaunti, ile inayosimama vituo vya njiani, huondoka Miritini saa mbili kamili asubuhi. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na mtoto wa chini ya miaka 12 hulipa nusu. Kwetu aliyefaidika ni mmoja tu, mdogo wetu wa Pomboo mwenye miaka 11. Fikeni mapema, maana mizigo hukaguliwa kwa makini na mahema yakifunguliwa huchukua muda kuyakunja tena. Visu, mapanga na mitungi ya gesi acheni nyumbani. Sisi panga na sufuria kubwa tuliazima kambini. Bebeni pia nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua za wazazi, ziwe kwenye bahasha moja na bahasha iwe kwa mtu mmoja.

Behewa zima lilikuwa linazungumza mpira. Jana yake Harambee Stars walikuwa wamewafunga Morocco bao 1-0 pale Kasarani, na watu wasiojuana walikuwa wakisimuliana bao lile kama ndugu. Watoto walikula mahamri na mbaazi za nyumbani kabla hata ya Mariakani. Tsavo tuliwaona tembo, wekundu kwa udongo, karibu na reli kiasi cha kuona masikio yakipepea.

Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, tulishuka mchana. Matatu ya kukodi waliitaja kwa 6,000, tukaelewana 4,000 kutupeleka hadi mlangoni mwa Kambi ya Skauti ya Rowallan, mtaa wa Jamhuri. Kufika, tumeshusha mizigo, kiongozi mmoja wa hapo akaja kutupokea na kunyoosha mkono wa kushoto.

Hapa nisimulie kidogo, kwa sababu kwetu Pwani jambo hili ni zito. Skauti duniani kote husalimiana kwa mkono wa kushoto. Husimuliwa kwamba asili yake ni Waashanti wa Afrika Magharibi: shujaa hushika ngao kwa kushoto, na akikupa mkono huo maana yake ameweka ngao chini, amekuamini. Lakini mtoto aliyelelewa Mji wa Kale amefundishwa tangu utotoni kwamba mkono wa kushoto hampi mtu chochote, sembuse salamu. Mwaka juzi bibi ya mmoja wa wasichana wangu alifunga safari hadi shuleni kunilaumu kwamba namharibia mjukuu adabu. Nilimweka kitini, nikampa maji, nikamsimulia habari ya ngao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Kwa skauti mwenzake, sawa. Kwangu asinijie nao." Tukakubaliana hivyo, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Basi pale Rowallan nilimwona binti yule akitoa mkono wake wa kushoto bila kusita, na wa kulia ameuweka kifuani.

Saa kumi na mbili jioni baridi iliingia. Mdogo wetu alivaa nguo zote alizokuja nazo.

Jumanne, 12 Agosti: Rowallan

Asubuhi kila mmoja alikuwa anatoa moshi mdomoni, na watoto waliufanya mchezo mpaka uji ukaiva.

Rowallan ni kambi ya msituni ndani ya jiji. Miti mirefu, ardhi ya udongo mwekundu, vijia vinavyopishana, na ukitulia husikii gari bali unasikia ndege na, kwa mbali, redio ya mtu. Hiyo redio inatoka Kibera, jirani wa kambi. Kiongozi mmoja mzee, mwenye shanga mbili za mbao shingoni, ndiye aliyetuzungusha. Alianza kwa kuwauliza watoto maana ya neno Kibera. Hakuna aliyejua. Ni neno la Kinubi, akasema, kibra, yaani msitu. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa kukaa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na waliyakuta yote haya ni miti. "Kwa hiyo mnapotembea humu," akasema, "mnatembea ndani ya Kibera ile ya kwanza."

Jina la kambi limetoka kwa Lord Rowallan, Mwingereza aliyekuwa Skauti Mkuu wa nchi za Jumuiya ya Madola kuanzia 1945 hadi 1959. Jina lake mwenyewe ni Thomas Corbett. Lishikeni jina hilo, kwa sababu Nyeri mtamkuta Corbett mwingine, na watoto huwachanganya. Skauti yenyewe iliingia Kenya mwaka 1910, miaka mitatu tu baada ya ile kambi ya majaribio ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Enzi za ukoloni watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa na vikosi vyao mbalimbali. Mzee alilisema hilo waziwazi, akanyamaza kidogo, kisha akatuonyesha uwanja ambapo mwaka 2010 walikusanyika vijana wa dunia nzima kwa Moot ya 13, mkutano wa maskauti wakubwa. Watu wa kila rangi, hema kwa hema.

Watoto wakamwuliza kuhusu shanga. Ni alama ya mtu aliyehitimu mafunzo ya uongozi wa skauti, na zimeigwa kwenye mkufu wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Za kwanza zilivaliwa Gilwell, karibu na London, mwaka 1919. Mzee aliivua kamba yake ikapita mkono kwa mkono. Mbao zilikuwa zimekuwa laini na nyeusi kwa jasho la miaka.

Mchana tulifanya kazi niliyoitamani kuliko zote: alama za njia. Kipanga walitangulia na kuziweka, Pomboo wakafuata baada ya dakika 20. Mshale wa mawe ni pita hapa. Nyasi zilizofungwa fundo, kichwa kimeinama kulia, ni pinda kulia. Vijiti viwili vilivyopishana ni usipite njia hii. Mraba wenye namba ni kwamba ujumbe umefichwa hatua kadhaa kutoka hapo. Na mwisho wa njia unachora duara lenye nukta katikati: nimekwenda nyumbani.

Patroli inapotembea, wa nyuma kabisa tunamwita mfunga msafara. Kazi yake ni kuhesabu watu na kufuta kila alama wakishapita, ili atakayekuja kesho na shughuli zake asipotezwe na mshale wa jana. Watoto wengi hawaitaki nafasi hiyo, wanaona ni ya walegevu. Kwa Pomboo niliiweka kwa binti wa Likoni, wa miaka 15, mkimya, ambaye darasani huwezi kujua kama yupo. Siku ile aliirudia njia yote ameinama, akifungua mafundo ya nyasi moja moja kwa vidole, badala ya kuyakanyaga kama wengine wanavyofanya. Nilimwuliza kwa nini. "Nyasi si zitaota tena, mwalimu?"

Kwa mtakaokuja: pigeni simu kambini mapema, hasa likizo ya Agosti, kwa kuwa vikosi ni vingi, na ulizeni bei ya vikosi, si ya wageni wa kawaida. Blanketi mbili kwa kila mtoto wa Pwani si anasa. Magodoro membamba pia, maana ardhi ya Nairobi inanyonya joto la mtu usiku kucha.

Jumatano, 13 Agosti: Vilima vya Ngong

Matatu za 111 zinapita barabara ya Ngong. Tulilipa shilingi 100 kila mtu hadi mji wa Ngong, kisha tukapanda kwa miguu hadi lango la msitu. Kiingilio hulipwa kwa simu. Kama mnataka kwenda njia nzima hadi Kona Baridi, yapata kilomita 10, ombeni askari wa msitu awasindikize na muafikiane malipo kabla hamjaanza kutembea. Msibane pesa hapo.

Siku ya jua, wanasema, upande mmoja unaona Nairobi yote na mwingine unaona Bonde la Ufa likishuka mpaka macho yachoke. Sisi tuliona ukungu. Mitambo ya upepo ilikuwa inasikika tu, vuu, vuu, na mara ubao mmoja mweupe unatokea juu ya kichwa kisha unapotea. Vilima vimepangana kama vifundo vya ngumi, kwa hiyo kila ukimaliza kupanda unashuka, kisha unapanda tena, na kilele cha juu kuliko vyote, Lamwia, kina mita 2,460. Watoto waliozoea usawa wa bahari walikuwa wanapumua kama waliokuwa wakikimbia.

Baada ya kilima cha tatu kamba ya kiatu cha mdogo wetu ilikatika. Pomboo wakasimama kumsaidia. Kipanga, walio mbele na askari na mwalimu mwenzangu, hawakujua. Mimi nilikuwa katikati, nikawaona wa mbele wakimezwa, nikageuka, na wa nyuma nao hawapo. Nilipuliza filimbi. Upepo ukaibeba upande mwingine.

Niliwakimbilia Kipanga nikawasimamisha. Askari akasema tusirudi wote, tutapotezana zaidi. Basi tukakaa. Nimekuwa mwalimu miaka 14 na sijawahi kuhesabu dakika kama zile. Nyuma yetu kidogo njia ilikuwa imegawanyika mara mbili: moja inafuata mgongo wa kilima, nyingine ni ya ng'ombe, imekanyagwa vizuri kuliko ile yetu, na inashuka bondeni upande wa magharibi. Mtu asiyejua angeifuata ile ya ng'ombe.

Walitokea baada ya dakika 22, watano wote, wameshikana mikoba. Kumbe kiongozi wa Kipanga, mvulana wa Kisauni, alipopita ile njia panda alikuwa ameweka vijiti viwili vilivyopishana kwenye njia ya ng'ombe na mshale wa mawe matatu kwenye yetu, bila kuambiwa na mtu, kwa mazoea ya jana tu. Pomboo walizikuta alama wakiwa wameshaanza kubishana. Na binti wa Likoni, aliyekuwa wa nyuma, alipofika kwangu hata kabla ya kunywa maji alifungua kiganja. Alikuwa na vile vijiti viwili.

"Nimefuta, mwalimu. Na tupo watano."

Nilimkumbatia mbele ya wote. Yule wa Kisauni naye.

Kona Baridi ina jina lililoistahili. Kuna kibanda cha chai pale, bati na mbao, na mama mwenye nacho alipoona watoto wanavyotetemeka aliwaingiza wote ndani, upande wa jiko, akawafunika wawili kwa shuka lake la mabegani. Chai shilingi 30 kikombe. Alitutoza vikombe 12, na watoto walikunywa zaidi ya 20. Nilipotaka kulipa vilivyobaki aliusukuma mkono wangu. "Wewe mwalimu, peleka watoto nyumbani." Kutoka hapo ni matatu hadi Kiserian, kisha ya kurudi mjini.

Alhamisi, 14 Agosti: barabara ya Nyeri

Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150. Tulipatana shilingi 500 kwa kichwa stejini, na baada ya kuketi wote tukadaiwa 1,500 nyingine kwa mahema. Tulizilipa kwa sababu gari lilikuwa tayari limewashwa. Nanyi mtakaokuja, mizigo ionyesheni kabla ya kutoa hata senti, na bei mwafikiane ya watu na mizigo pamoja.

Kupita Sagana, gurudumu la nyuma lilipasuka. La akiba halikuwa na upepo. Dereva akachukua boda kulitafutia, nasi tukashuka kando ya barabara, mahali ambapo mashamba ya migomba yanafika karibu na lami. Mzee mmoja alikuwa anachimba mtaro nyuma ya ua wake. Akatuangalia muda, akaona skafu, akaacha jembe lake, akaja hadi kwenye ua na kusimama wima. Akainua vidole vitatu.

Watoto walimrudishia saluti wote kwa pamoja bila mimi kusema neno.

Alikuwa skauti shuleni mwaka ambao bendera ya Kenya ilipandishwa, 1963. Akatuita ndani. Mkewe alikuwa na nduma zimechemshwa asubuhi, akazigawa kwenye sinia pamoja na ndizi na chai ya maziwa mazito. Watoto wangu wengi hawakuwa wamewahi kula nduma. Mmoja alimwuliza shosho yule kama ni muhogo wa zambarau, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Mzee alitaka kusikia ahadi ya skauti. Wakaisema kwa Kiswahili. Yeye akaisema kama alivyofundishwa, kwa Kiingereza, na mahali pa kumtaja malkia akanyamaza, akaruka, akaendelea. Akawaeleza kwamba siku ile ya mwaka 1963 ndiyo waliyoacha kulisema.

Saa moja na nusu ilipita pale, na gari liliporudi hakuna aliyekimbilia kupanda.

Nyeri tulilala nyumba ya wageni ya kanisa, shilingi 700 kitanda na chai ya asubuhi. Blanketi zao nzito, maji ya moto yapo saa za jioni tu.

Ijumaa, 15 Agosti: duara lenye nukta

Amkeni saa kumi na mbili kasoro robo. Agosti Mlima Kenya hujifunika kutwa, lakini alfajiri hujitoa kidogo. Tuliupata kwa dakika kama kumi: weusi wa mawe, theluji kidogo begani, kisha pazia likafungwa. Mita 5,199. Mdogo wetu alisema ni mdogo kuliko alivyofikiri. Baada ya dakika moja akasema, hapana, ni mkubwa, ila uko mbali.

Makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro yako karibu na mji, mtafika kwa miguu. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa hapo. Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857, akafia hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Mkewe Olave, aliyezaliwa tarehe na mwezi ule ule mwaka 1889, alifia Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa yakazikwa pamoja naye. Kule Westminster Abbey wana jiwe la kumbukumbu. Kaburi ni hili, na ni miongoni mwa kumbukumbu za taifa za Kenya.

Sikuwa nimewaambia watoto kilichoandikwa chini ya jiwe. Nilitaka wakikute. Walisoma jina, wakasoma miaka, wakaangalia nembo ya skauti na ya girl guides juu. Kisha mvulana wa Kisauni akachuchumaa. Chini ya maandishi yote kumechongwa duara, na katikati yake nukta. Akaliwekea kidole. Hakuna aliyesema maana yake. Walilichora wenyewe juzi kwenye udongo wa Rowallan, na huku ndiko lilikokuwa limechongwa kwenye jiwe.

Binti wa Likoni alinijia baadaye kando. "Mwalimu, hii haifutwi?"

Nikamwambia, hii haifutwi.

Hatua chache kutoka hapo amelala Jim Corbett, mwindaji wa India aliyegeuka mtetezi wa simbamarara, aliyefariki mwaka 1955. Huyo ndiye Corbett wa pili niliyewatajia.

Saa sita wavulana watatu na mwalimu mwenzangu walikwenda msikitini kuswali Ijumaa. Mjini kuna hoteli ya Waislamu jirani na msikiti, wali na nyama shilingi 250, na mpishi akisikia mnatoka Mombasa anaongeza pilipili bila kuombwa.

Alasiri tukaenda Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, karibu na korongo la mto Chania. Ni kijumba kidogo chenye baraza linalotazama mlima. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wa Baden-Powell, na mwaka 1938 kijumba hiki kikajengwa ili mzee na mkewe waishie hapa. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill; hii ikawa Pax ya pili. Corbett naye alikuja kuishi humo na dada yake. Ndani, kuta zimejaa skafu na beji zilizoachwa na maskauti wa kila nchi. Sisi tuliacha ya kwetu, ya buluu ya bahari yenye ukingo mweupe. Kiingilio hulipwa mapokezi ya hoteli. Jielezeni kuwa ni kikosi cha skauti, na ombeni muda wa kutosha, kwa sababu watoto watasoma kila beji.

Jioni, chumbani, niliwakalisha chini. Nilikuwa nimeamua tangu Mombasa kwamba siwaleti watoto hadi kaburini niwape nusu ya habari. Nikawaambia kwamba Baden-Powell aliulinda mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa kwa siku 217, na kwamba wavulana wa pale waliobeba ujumbe ndio waliompa wazo la skauti. Nikawaambia pia kwamba alikuwa askari wa dola iliyokuwa inanyang'anya watu nchi zao. Mwaka 1896, katika vita vya Matabele, kwenye Zimbabwe ya leo, aliamuru kupigwa risasi kwa Uwini, mkuu wa Kiafrika aliyekuwa ametekwa. Uchunguzi ulifanyika, wakubwa wake wakamsafisha. Mchana wao wenyewe walikuwa wamepita pale mjini penye mnara mweupe wa waliokufa kwa ajili ya uhuru, 1951 hadi 1957, na wakasikia jinsi hoteli ya miti ya Treetops, ya huyo huyo Walker, ilivyochomwa moto na wapiganaji wa msituni mwaka 1954. Vyote hivi viko mji mmoja.

Binti wa Mji wa Kale akauliza, "Sasa mbona tunavaa skafu yake?"

Sikumjibu haraka. Mwishowe nikasema ninachoamini: kwamba alichoanzisha kilimtoka mikononi. Alikianza kwa watoto wa Kiingereza, kikaja kikachukuliwa na mzee wa Sagana aliyeruka jina la malkia, na mama wa Kona Baridi hakuwa skauti na bado alifanya kazi ya skauti. "Skafu ni yako," nikamwambia. "Ukiona huiwezi, unaivua, na hakuna atakayekununia." Alifikiri sana. Kesho yake asubuhi alikuwa ameivaa, na sikumwuliza.

Jumamosi, 16 Agosti: Kilima cha Nyeri

Tulipanda na kijana wa hapo anayejua njia, kupitia mashamba ya kahawa kisha msituni. Mvua ikatukuta kabla ya kilele, udongo ukawa sabuni, tukageuka. Watoto walinuna hadi chakula cha mchana, kilichokuwa mukimo na maharagwe, kikawatuliza.

Jumapili, 17 Agosti: kurudi

Safari hii mizigo tuliionyesha kwanza, tukalipa 500 tu. Barabara ilikuwa njema mpaka Thika Road, kumbe ni siku ya Kenya na Zambia pale Kasarani. Tulisimama. Magari yote yalikuwa na bendera, watu wanatembea katikati ya barabara na kupuliza vuvuzela. Tulishinda 1-0, na habari hizo tulizipata tungali kwenye foleni, kwa kelele za magari ya pembeni.

Kutoka mjini hadi Syokimau tulilipa 150 kila mmoja, tukapanda treni ya saa nne usiku. Kwa jumla mwalimu wa hesabu amepata shilingi 114,600 kwa watu wote 12, yaani 9,550 kwa kila mmoja: treni, matatu, kambi, viingilio, vitanda na chakula. Wazazi walichanga 6,000 kila mtoto, sehemu iliyobaki tuliipata kwa kuuza viazi karai shuleni muhula mzima. Atakayetaka hesabu yenyewe mstari kwa mstari aniandikie, nitampa.

Miritini tulifika saa tisa na nusu za usiku. Joto lilitupokea mlangoni mwa behewa kama mtu aliyekuwa anatungoja. Wazazi walikuwa nje ya ukumbi, na watoto wakatawanyika mbio na mahema yao, hata nikashindwa kuwahesabu. Nikageuka nyuma. Binti wa Likoni alikuwa bado ndani, anapita kiti kwa kiti, ameinama, anatazama chini ya kila kimoja. Akapata soksi moja na kikombe. Akashuka wa mwisho.

"Kumi, mwalimu," akasema.